Kitanzi Kitupu Barafuni

Asubuhi ile ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limeshagusa vilele, theluji ya usiku ilikuwa imekaza, na ndani ya kibanda cha wapanda mlima harufu ya kahawa ilikuwa ikishindana na harufu ya soksi. Jolanda Imseng alikaa kwenye benchi akipaka nta ngozi zake za kupandia, zile ndefu zinazobandikwa chini ya skii ili mtu apande mlima bila kurudi kinyumenyume. Pembeni yake Gion Caduff, fundi bomba mwenye kiwiliwili kipana kama mlango, alikuwa anakula mkate mweusi kwa jibini na kumchokoza kila aliyepita.

"Jolanda, ukimaliza hizo nipakie na magoti."

"Magoti yako yanataka grisi ya basi, si nta."

Jolanda ni jirani yetu. Ndiye anayeendesha lile basi la manjano la posta linalopanda na kushuka bonde letu, kutoka Eggmatten mpaka stesheni ya Brig. Abiria husahau kwamba dereva ana masikio. Kwa majira mawili ya baridi alikuwa akiwasikia nyuma ya kisogo chake: huyu ndiye dada wa yule wa picha. Walikuwa wakinong'ona kwa sauti inayotosha kusikika hadi mbele, kisha wakishuka wanamtakia siku njema. Yeye hushika usukani na kutafuna hasira yake kimya.

Yule wa picha alikuwa kaka yake, Alban. Majira mawili nyuma alipanda mto wa barafu na mwongozaji Leander Tannast, wawili tu, na aliyerudi alikuwa mmoja. Leander aliwaeleza polisi kwamba walipofika kwenye kipito cha juu, Alban alijifungua kamba kwa mikono yake ili arudi nyuma apige picha, akakanyaga pasipokanyagika, akazama. Waokoaji walitafuta huko juu, hawakuona kitu. Kijiji kikaamini mara moja, maana Leander ni Leander: nishani ya mwongozaji kifuani, sauti ya upole, na baba na babu waliofanya kazi hiyo hiyo. Kwetu sisi kufa mlimani si aibu. Kufa mlimani kwa upumbavu ndiyo aibu, tena inawabakia walio hai. Mama yao, Kreszentia, aliacha kwenda misa ya Jumapili kwa kuchoka kuonewa huruma.

Jolanda hakuliamini neno hilo hata siku moja. Alban alikuwa mtu wa kufunga kamba za viatu mara mbili mbili. Mtu wa namna hiyo hajifungui kamba juu ya barafu. Basi Leander alipotangaza kozi ya juu ya kupanda milima kwa skii, kwa wale ambao tayari wanajua kupanda na kushuka ila hawajui kujiokoa, Jolanda akajiandikisha kwa jina lake kamili. Alitaka kitu kimoja: afike naye kule juu, mbele ya mashahidi, amwambie, nionyeshe ni wapi.

Leander hakushtuka. Alimpa mkono mlangoni. "Karibu. Afadhali katika nyumba yenu apatikane mmoja wa kusikiliza."

Siku ya kwanza alikuwa amewafundisha kweli, hilo tusimnyime. Aliwafundisha kugeuza skii kwenye mteremko mkali bila kuteleza, kusoma theluji iliyopulizwa na upepo, na kubwa kuliko yote, kumtoa mtu kwenye ufa wa barafu. Mwenzako akizama, unajitupa chini na kuchimba visigino. Unafukia skii kukingama, zinakuwa nanga. Unahamishia uzito kwenye nanga, unafunga makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, unavuta. Jolanda alifunga makapi yake haraka kuliko wote.

"Mikono ya kaka yako hiyo," Leander alisema, akilikagua fundo. "Tofauti ni kwamba wewe una akili. Sikilizeni wote: kamba haikatwi, na mtu haifungui. Mimi niliwahi kuwa na mmoja aliyeifungua."

Alisema hayo akimtazama Jolanda usoni, kwa ile sauti yake laini kama siagi. Jolanda aliendelea kukaza fundo mpaka vidole vikawa vyeupe.

Asubuhi hiyo ya pili walitakiwa kwenda wanne. Wa nne alikuwa Valentin, mwalimu wa hesabu kutoka Bern, mtu wa miwani na adabu nyingi. Lakini tumbo lilikuwa limemkataa tangu alfajiri, na uso wake ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda. Mlinzi wa kibanda, aliyekuwa akishuka kijijini kuchukua mahitaji, alikubali kwenda naye.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na watu wa nje wakisikia hucheka. Jioni iliyotangulia Leander alikuwa ameiandaa kamba kwa watu wanne. Vitanzi vinne, na kati ya kitanzi na kitanzi mafundo makubwa, ili mtu akizama mafundo yang'ate ukingo wa ufa. Usiku kamba iliyolowa ilikauka na mafundo yakawa magumu kama mifupa. Kuifungua yote na kuipanga upya kwa ajili ya watatu kulitaka muda, na jua lilikuwa linapanda. Leander alikitazama kitanzi cha Valentin, akakibana kwa kulabu kwenye kamba, akakiacha pale pale, katikati ya Gion na Jolanda.

Bondeni kwetu mtoto wa miaka sita anajua kwamba kamba haiendi barafuni na kitanzi kitupu. Wale wanaofia kwenye barafu na jambo lao halijaisha hawaondoki. Husimama humo, barafu shingoni, wakingoja. Hawana ubaya na mtu. Wanataka kurudi nyumbani, na kamba ndiyo inayojua njia. Ukipita juu yao na nafasi iliyo wazi, utakuwa umewakaribisha wewe mwenyewe. Waongozaji wa zamani walikuwa tayari kuyafungua mafundo yaliyoganda kwa meno kuliko kuacha kitanzi kimoja kitupu.

Leander alijua. Babu yake mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wa meno. Lakini mtu akidanganya bonde zima na bonde likamwamini, huanza kudhani hata barafu imemwamini.

Jolanda alikiona kitanzi. Mdomo ulifunguka, neno likafika ulimini. Kisha akamtazama Leander akirekebisha nishani yake mbele ya kioo cha dirisha, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Akanyamaza. Kiache, alijisemea. Kiache hivyo hivyo.

Walipanda. Leander mbele, Gion nyuma yake, kisha kitanzi kitupu kikiburutika juu ya theluji, na Jolanda mwisho. Mto wa barafu ulikuwa mweupe na mpana, nyufa zake zimefunikwa na theluji ya majira yote ya baridi. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila pumzi zao na mkwaruzo wa skii. Gion alianza kuimba wimbo mchafu wa mafundi, akaishiwa na pumzi kwenye ubeti wa pili.

Ukungu uliteremka bila kubisha hodi. Kilele kilikuwapo, kisha hakikuwapo. Jolanda aliona mgongo wa Gion ukififia, ukawa kivuli, kivuli kikamezwa. Ikabaki kamba tu, ikienda mbele kwenye weupe.

"Vizuri sana," sauti ya Leander ilitoka mbele. "Asiyeona hujifunza zaidi. Endeleeni."

Baada ya muda Gion aliita. "Jolanda, acha kunivuta."

"Sikuvuti. Kamba yangu imelegea."

"Basi imenasa mahali."

Jolanda alitazama mbele. Kamba yake ilikuwa imelegea kweli, inalala juu ya theluji mpaka pale ukungu ulipoanza. Haikuwa imenasa popote. Ilikuwa inasogea mbele taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Aliinua mguu. Akasikia mkwaruzo wa skii mbele yake. Akasimama. Mkwaruzo uliendelea mara moja zaidi, kisha nao ukasimama.

Leander aliwasimamisha kwa zoezi. Kila mmoja alikuwa na kifaa cha ishara kifuani, kile kinacholia kimya kimya ili maporomoko ya theluji yakimfukia mtu, wenzake wamtafute kwa vifaa vyao. Leander alikuwa amefukia kimoja ndani ya mfuko, hatua chache mbele, akawaambia wavigeuze vyao vitafute. Yeye naye akageuza chake.

Gion alitazama kioo kidogo cha kifaa chake. "Umefukia vingapi?"

"Kimoja."

"Changu kinasema viwili."

Jolanda akatazama chake. Viwili. Mshale wa kwanza ulielekea mbele, kwenye mfuko. Wa pili ulielekea chini ya miguu yao.

"Zimeni simu," Leander alisema. "Simu huvuruga."

"Simu zimezimwa tangu kibandani. Wewe mwenyewe ulizikagua."

Hakuna aliyesogea. Namba ya ule mshale wa pili ilikuwa mita ishirini. Ikawa kumi na saba. Gion akakipiga kifaa kofi, kama wanavyofanya watu kwa redio mbovu. Kumi na nne. Kumi.

"Kinakuja," Gion alinong'ona. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"Si hapa," Leander alisema. "Ilikuwa juu. Kipitoni."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jolanda alilisikia neno hilo likimwingia na kukaa. Majira mawili. Mama amejifungia ndani majira mawili. Alitaka kupiga kelele, lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kifaa. Nne. Mbili. Mshale ukageuka polepole, ukaacha kuelekea chini, ukaelekea mbele yake. Kati yake na Gion. Ukatulia.

Ukungu ulipungua kidogo mahali pale, kiasi cha kuona urefu wa chumba. Kulabu ilikuwa imefunguka. Kitanzi cha Valentin hakikuwa kimelala tena juu ya theluji. Kilikuwa juu, usawa wa kiuno, kimekazwa, kimeizunguka nafasi tupu.

"Leander," alisema taratibu. "Tumekuwa wanne."

Leander aligeuka. Alikitazama kitanzi. Uso ule ambao ulikuwa haujawahi kukosa jibu, mbele ya polisi wala mbele ya padri, ulianguka wote. "Tunaondoka," alisema. "Sasa hivi."

Alifanya kila alichowakataza. Hakupima kwa fimbo. Hakungoja kamba ikaze. Aliruka mbele kwenye ukungu kama mwizi aliyesikia filimbi, na theluji ikafanya sauti ndogo, ya mtu anayeketi kwenye kochi.

Kamba ikapiga.

Gion aliruka kifudifudi. Jolanda aliona miguu yake ikiburutwa kuelekea ukingoni, sepetu ya theluji ikigongagonga kwenye mkoba wake wa mgongoni. Akajitupa chini. Akachimba visigino. Akafumba macho angoje mshtuko wa kamba kiunoni.

Haukuja.

Akafumbua. Gion alikuwa ameacha kuburutwa, urefu wa mtu mmoja kutoka shimoni, anatweta. Kamba yake Jolanda ilikuwa bado imelegea. Uzito wote wa Leander ulikuwa umeishia katikati, kwenye kitanzi kitupu. Mbele ya kitanzi, kwenye theluji safi, palikuwa na mifereji miwili mirefu ya visigino. Mtu alikuwa amejitupa pale na kushikilia.

"Nani ametushika?" Gion aliuliza. Hakugeuza kichwa.

"Usitazame nyuma. Shikilia."

Mikono ya Jolanda ilijua kazi. Alifukia skii kukingama, akazifunika, akazikanyaga. Akahamishia uzito kwenye nanga. Akatambaa mpaka ukingoni na kuingiza mpini wa sururu yake ya barafu chini ya kamba isizidi kukata theluji. Makapi yakakaa sawasawa. Kila kitu kilikuwa tayari kwa kuvuta. Ndipo akasimamisha mikono, akachungulia.

Ufa ulikuwa wa buluu, na chini yake weusi. Leander alikuwa ananing'inia pale mwanzo wa weusi, kichwa juu, mkono wa kulia ukielekea chini kwa namna isiyo ya kawaida.

"Vuta," alisema.

"Sema kwanza."

"Jolanda, vuta, nakuomba."

Alitoa kisu chake cha kamba. Hakukitoa kwa kumtisha. Alikitoa kwa kuwa hasira ilikuwa imeshika mkono wake na yeye hakutaka kuizuia. Akakiweka juu ya kamba, akaona nyuzi zake zilivyokazwa, zilivyo nyepesi kukatika. Gion aliona. Fundi bomba huyo, aliyekuwa hamjui Alban wala mama yake, alikaza visigino akangoja.

"Alikuwa hai?" Jolanda aliuliza.

"Alikuwa hai."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Alikuambia nini?"

"Alisema nisubiri." Leander alianza kulia, kilio chembamba. "Alisema ameshapata pa kukanyaga. Anakaza skrubu kwenye barafu. Akasema, subiri kidogo tu, Leander, nakutolea uzito. Mimi nilikuwa naburutwa. Nikaogopa. Nikakata."

"Na ile ncha ya kamba uliyowaonyesha polisi?"

"Niliichoma kwa kiberiti. Ionekane ncha ya kiwandani, si iliyokatwa."

Jolanda alikumbuka ile ncha ya kamba juu ya meza ya polisi, na mama yake akiishika, akiinusa kama nguo ya mtoto. Kisu kilikuwa bado juu ya kamba.

"Jolanda." Sasa Leander alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na wa karibu zaidi. "Amenishika mkono."

Hapo ndipo alipoielewa ile mifereji ya visigino. Kaka yake, aliyekatiwa kamba, alikuwa ameishika kamba ya aliyemkatia. Angeweza kumwacha aende. Hakumwacha. Alimtaka akiwa hai, na ulimi wake mdomoni.

Jolanda alikirudisha kisu. "Sikuvuti kwa huruma," alimwambia. "Nakuvuta ukaseme mbele ya mama."

Walivuta. Gion ana nguvu za kubeba boila la maji moto peke yake, na makapi yalikuwa yamefungwa kama inavyotakiwa, lakini mzigo ule haukuwa wa mtu mmoja. Walivuta mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Kamba ilipanda shibiri, ikasimama. Shibiri nyingine. Kisha, Leander alipokuwa karibu na ukingo, uzito ukapungua ghafla, nusu nzima ukaondoka, na yeye akatoka juu kwa mvuto mmoja kama kizibo.

Nyuma yao kitanzi kilikuwa kimelala juu ya theluji. Hakuna aliyekigusa. Jolanda aliikata kamba upande wake na upande wa Gion, wakakiacha pale.

Kibandani, Leander akiwa amefunikwa blanketi, na wenzake wa kikosi cha uokoaji wameshafika kwa helikopta, ndipo alipopata tena sauti yake ya siagi. Alisema mtu aliyening'inizwa shimoni kwa kisu husema lolote. Alisema binti wa watu ana uchungu, hamlaumu. Mmoja wa waokoaji akaanza kutikisa kichwa kwa kuafiki. Wanavyopenda kuafiki, watu wa bonde hili.

Gion alisimama. "Mimi si wa hapa," alisema. "Simjui babu yake, simjui padri wake. Masikio yangu hayakuganda. Amesema alikata. Amesema ni kwenye ufa ule ule. Mna kamba, mna taa. Nendeni mkaangalie, au nitakwenda mwenyewe na spana."

Wakaenda.

Walimkuta Alban kwenye ufa ule ule, chini ya pale Leander aliponing'inia. Alikuwa amesimama kwenye kingo nyembamba, skrubu ya barafu imekazwa ukutani mpaka shingo, kulabu imewekwa. Kiunoni alikuwa na kamba yake, fundo lake zuri, na ncha iliyokatwa kwa kisu. Alikuwa amebakiza jambo dogo sana ili awe salama. Kifaa chake cha ishara kilikuwa kifuani. Betri ilikuwa imeshapasuka na kuota kutu, na fundi wa kikosi alikigeuzageuza, akakirudisha mfukoni.

Bondeni tuliona aibu, na tulistahili. Wale wale wa kwenye basi walikwenda na keki mlangoni kwa Kreszentia. Hakumfungulia hata mmoja.

Leander alikuja kusema mbele yake, akiwa na polisi. Alisema yote, macho kwenye sakafu. Kreszentia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba arudie neno moja tu: subiri kidogo. Alirudia. Akamwambia arudie tena. Leander alilirudia mara nyingi, mpaka yule polisi kijana akatoka nje.

Kisha Kreszentia na Jolanda walikwenda kumvika Alban nguo za maziko. Ni desturi yetu kuikunja mikono ya marehemu kifuani na kuifunga kwa rozari. Muuguzi wa chumba cha maiti alikuwa amefunga wa kushoto, akasita kwenye wa kulia. Alimwita daktari. Daktari alikuja, akaugusa, akauachia haraka. Mwili mzima ulikuwa jiwe, kwa majira mawili ya kukaa barafuni. Mkono wa kulia ulikuwa laini. Vidole vilikuwa vimekunjika nusu, kama vinavyokunjika vikishika kifundo cha mkono wa mtu, na kiganja kilikuwa na joto.

Kreszentia aliuchukua akauweka shavuni. Muuguzi aliposogea na rozari, alimzuia.

"Usiufunge," alisema. "Bado una kazi."

Wakamzika hivyo, mkono mmoja wazi.

Leander alinyang'anywa nishani. Alipokuwa akisubiri kesi yake, hakuna duka lililomjibu salamu. Mwishoni mwa Agosti, siku ya joto la kuyeyusha lami, alisimama kituoni Eggmatten na sanduku lake, akitaka kuhamia kwa dada yake nyanda za chini. Basi lilikuwa la Jolanda. Alipanda akiwa na koti la baridi, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti. Hakumtazama dereva. Akaenda kukaa kiti cha nyuma, upande wa dirisha, ingawa basi lilikuwa tupu.

Jolanda aliendesha. Hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata kidogo, watu wasikudanganye kwamba ukweli huiponya. Katika kioo cha juu alimwona Leander ameegemea dirishani, amejibana, kama anavyojibana abiria ambaye jirani yake amekaa vibaya. Kila kona alikuwa akisogea zaidi. Wakati mmoja midomo yake ilicheza. Alikuwa anamwomba mtu kitu.

Stesheni ya Brig alishuka mlango wa mbele, haraka, bila kwaheri, akaanza kutembea kuelekea kwenye treni.

Jolanda alipita nyuma kukagua viti, kama madereva wote wanavyofanya. Kiti cha dirishani kilikuwa kikavu. Kile cha pembeni yake kilikuwa na theluji. Theluji safi, punje punje, ya juu kabisa kwenye mto wa barafu, imebonyea kwa uzito wa aliyekalia. Nyingine ilikuwa sakafuni, vipande vyenye umbo la soli, vikielekea kwenye mlango wa nyuma, ambao ulikuwa bado umefungwa. Nje, Leander alikuwa ameshafika jukwaani.

Jolanda alirudi kwenye usukani. Akafungua mlango wa nyuma, akasubiri kidogo, kama anavyomsubiri abiria yeyote, kisha akaufunga.